Ross Anderson: Mwanasayansi aliyewaambia mabenki kuwa mashine nazo hukosea

Kila unapobonyeza namba ishirini za tokeni kwenye mita ya stima, au unapotia kadi kwenye mashine ya ATM ukaweka PIN yako, unatumia mitambo ambayo mtu mmoja aliichunguza kwa zaidi ya miaka thelathini ili ajue inavunjikia wapi na nani huumia ikivunjika. Mtu huyo ni Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Alifariki tarehe 28 Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 67.

Huku kwetu Pwani jina lake halitajwi sana. Wanasoka na wanasiasa wa Ulaya tunawajua mmoja mmoja, lakini watu ambao kazi yao imeingia jikoni mwetu na mifukoni mwetu hutupita hivi hivi. Makala haya ni ya kumpa haki yake, na pia ya kulieleza swali moja aliloliuliza maisha yake yote, ambalo hata sisi yatupasa kuliuliza: pesa zikipotea ndani ya mtambo, ni nani wa kubeba hasara, na ni nani wa kuleta ushahidi?

Alikotoka

Anderson alizaliwa tarehe 15 Septemba 1956. Alisomea hisabati na sayansi asilia katika Chuo cha Trinity, Cambridge, akahitimu mwaka 1978. Hakukimbilia kufundisha. Kwanza aliingia kazini, akafanya kazi kwenye mitambo ya ndege, kisha kwenye usalama wa mifumo ya benki. Ndiyo maana baadaye alipoandika kuhusu benki, hakuwa mtu wa kubahatisha kutoka nje ya dirisha. Alikuwa ameshaona yaliyomo ndani.

Mwaka 1992 alirudi Cambridge kusomea shahada ya uzamifu chini ya Roger Needham, mmoja wa wakubwa wa sayansi ya kompyuta nchini humo. Aliipata mwaka 1995, akaanza kufundisha hapo hapo, na mwaka 2003 akapewa uprofesa wa uhandisi wa usalama. Neno hilo, uhandisi wa usalama, yeye ni mmoja wa waliolijenga. Kitabu chake, Security Engineering, kilitoka mara ya kwanza mwaka 2001, kikapanuliwa mwaka 2008 na tena mwaka 2020. Hakuna mwanafunzi wa fani hii asiyekijua.

Pesa zilizotolewa na mizuka

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wateja wengi wa benki za Uingereza walikuwa wakilalamika. Mtu anakwenda kuangalia salio, anakuta pesa zimetolewa kwenye ATM siku ambayo yeye alikuwa mji mwingine, na kadi iko mfukoni mwake. Waingereza wakafanya kama mzaha, wakasema hizo ni pesa zinazotolewa na mizuka.

Jibu la benki lilikuwa moja: mtambo wetu hauwezi kukosea. Kama pesa zimetoka, basi PIN imetumika. Kama PIN imetumika, basi ni wewe, au umempa mtu wa nyumbani kwako, au unasema uongo. Kesi ya nyani kapelekewa ngedere.

Mwaka 1993 Anderson alichapisha utafiti wake kuhusu kwa nini mifumo ya usimbaji, yaani ile ya kuficha siri kwa hisabati, hushindwa inapoingia kazini. Wataalamu wengi walidhani adui ni mwizi mwenye akili nyingi anayeweza kufumbua hesabu ngumu. Anderson alipozichunguza kesi za kweli akakuta mambo ni ya kawaida mno. Kadi zilikuwa zinaibwa zikiwa njiani kwenye posta. Wafanyakazi wa ndani walikuwa wanatumia nafasi zao vibaya. Baadhi ya mashine zilikuwa zikitoa risiti yenye namba kamili ya akaunti. Mwizi alichofanya ni kusimama kwenye foleni, kuchungulia PIN ya aliye mbele yake, kisha kuokota risiti iliyotupwa na kuiandika namba ile kwenye kadi tupu. Benki moja ilikuwa haijafungamanisha PIN na namba ya akaunti. Mtu akibadilisha namba ya akaunti kwenye utepe wa kadi yake, angeweza kuchota pesa za mwenziwe kwa kutumia PIN yake mwenyewe.

Hakuna katika hayo lililohitaji mtaalamu wa hesabu. Mlango ulikuwa na kufuli la chuma kizito, lakini dirisha liko wazi.

Polisi aliyeshitakiwa kwa kulalamika

Kesi moja inaonyesha uzito wa jambo hili. Polisi mmoja wa Uingereza alilalamika kuwa pesa zimetolewa kwenye akaunti yake bila yeye kujua. Badala ya kulipwa, alishitakiwa kwa kujaribu kupata pesa kwa ulaghai. Mantiki ilikuwa ile ile: mtambo haukosei, kwa hivyo mlalamikaji ni mwongo. Mwaka 1994 akapatikana na hatia.

Anderson alikuwa shahidi mtaalamu upande wa utetezi. Hakudai kwamba anajua pesa zilikwenda wapi. Alichokitaka ni kitu kimoja: ikiwa taasisi ya fedha inamtegemea kompyuta awe shahidi, basi kompyuta huyo naye ahojiwe. Aruhusiwe mtaalamu wa upande wa pili aukague mtambo. Katika rufaa taasisi ile ilikataa kuufungua mtambo wake, mahakama ikakataa kuupokea ushahidi wa kompyuta, na mwaka 1996 yule polisi akaachiliwa.

Kwa sisi tuliolelewa na kanuni kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, jambo hili halina ugeni. Benki inaposema "ni wewe uliyechukua", hilo ni dai. Yule mwenye daftari, mwenye kamera na mwenye mtambo ndiye mwenye uwezo wa kulithibitisha. Mteja ana nini mkononi ila neno lake?

Mlinzi asiyekuwa na hasara

Hapa ndipo Anderson alipoleta wazo ambalo wengi wanaliona kuwa kubwa kuliko yote aliyofanya. Mwaka 2001 aliandika kuwa ugumu wa usalama wa kompyuta si suala la ufundi pekee, ni suala la uchumi. Muulize kwanza nani hupata hasara mtambo ukishindwa. Kama anayeulinda mtambo siye anayepata hasara, atalala.

Mfano wake ulikuwa wa benki zenyewe. Marekani, mteja akipinga muamala, kazi ya kuthibitisha ilikuwa ya benki. Uingereza, Norway na Uholanzi, mzigo ulikuwa juu ya mteja. Mtu angefikiri kwamba benki za Marekani, zikiwa zimebeba mzigo huo, zingefilisika. Ikawa kinyume. Benki za Marekani zilitumia pesa kidogo zaidi kwenye usalama, na zilipata ulaghai mdogo zaidi, kwa sababu kila senti waliyotumia waliielekeza palipokuwa na shimo. Wenzao wa Ulaya, kwa kuwa malalamiko yaliweza kutupwa kapuni, walizembea mpaka ulaghai ukawa kama maradhi ya mlipuko.

Kutokana na wazo hilo, mwaka 2002 ilianzishwa warsha ya kila mwaka ya kimataifa kuhusu uchumi wa usalama wa habari. Leo ni fani kamili, inasomeshwa vyuoni, na serikali huitumia zinapotunga sheria.

Mita ya stima iliyopitia Afrika Kusini

Kuna sehemu ya kazi yake iliyotufikia moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Afrika Kusini ilitaka kufikisha stima kwa mamilioni ya watu walionyimwa na utawala wa ubaguzi wa rangi. Wengi hawakuwa na anwani ya kupelekewa bili, wala akaunti ya benki. Suluhisho likawa mita ya kulipia kabla: mteja anunue namba dukani, aibonyeze kwenye mita, apate stima. Anderson alikuwa mmoja wa wataalamu walioufanyia kazi usalama wa mfumo huo, na akaandika mafunzo yake pamoja na mhandisi wa huko. Mfumo huo ukawa kiwango cha kimataifa, na ndio ule ule ulio kwenye mita za tokeni hapa Kenya.

Namba zile ishirini si za kubuni tu. Zimesimbwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako. Ndani yake mna muhuri wa saa, ili tokeni iliyokwisha kutumika isitumike tena.

Muhuri huo ndio uliotusumbua mwaka 2024. Saa ya mfumo ilianza kuhesabu dakika kutoka mwaka 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikusahihishwa kabla ya siku hiyo isingepokea tokeni mpya. Wengi wetu tunakumbuka kupokea ujumbe wenye namba tatu ndefu badala ya moja: mbili za kurekebisha mita, ya tatu ya stima yenyewe. Waliodhani ni matapeli walikuwa na haki ya kushuku, lakini ilikuwa kweli.

Kisa kimoja cha Afrika Kusini Anderson alipenda kukisimulia. Aina fulani ya mita ilikuwa na kasoro: nguvu ya stima ikishuka mpaka kama volti 160 hadi 180, mita inachanganyikiwa na kujijazia salio lote. Watu walipogundua, wakawa wanarusha minyororo ya chuma kwenye nyaya za volti 11,000 ili stima ya mtaa mzima ishuke na kila nyumba ipate salio la bure. Kwa nini kasoro hiyo haikuonekana mapema? Kwa sababu majaribio yalifuata viwango vya nchi zilizoendelea, ambako stima haishukishuki ovyo. Hakuna aliyefikiria kuijaribu mita katika hali ya Afrika. Funzo lake ni zito: chombo kilichopita mtihani ughaibuni hakijapita mtihani wa hapa mpaka kijaribiwe hapa.

Kadi ya chipu na barua ya wakubwa

Uingereza ilipohamia kadi zenye chipu, mabenki yalirudia wimbo ule ule: safari hii haiwezekani kabisa. Mwaka 2010 Anderson na wenzake watatu wa Cambridge walionyesha kuwa kadi iliyoibwa ingeweza kutumika dukani bila mwizi kuijua PIN. Walitia kifaa katikati ya kadi na mashine ya malipo. Mashine iliambiwa PIN ni sahihi. Kadi nayo iliamini kuwa mteja anatia saini tu. Risiti ikatoka imeandikwa kuwa PIN imethibitishwa. Kwa hivyo risiti ile ambayo benki ilikuwa ikimwonyesha mteja kama ushahidi wa mwisho, haikuwa ushahidi. Baadaye wahalifu Ufaransa walikamatwa wakitumia hila ya aina hiyo hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huo, chama cha watoaji kadi cha Uingereza kiliiandikia Cambridge kikitaka tasnifu ya mwanafunzi mmoja kuhusu jambo hilo iondolewe mtandaoni. Anderson alijibu kwa barua ya wazi kwamba chuo hicho hakifichi kazi halali ya mwanafunzi kwa sababu imewaudhi wenye nguvu, na akaichapisha kazi ile kwa jina la idara ili iwe rahisi zaidi kusomwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Wanafunzi wake walijua kwamba wakisema ukweli na wakubwa wakakasirika, mwalimu wao atasimama mbele yao, si nyuma yao.

Kazi nyingine

Kazi zake haziishi kwa mabenki. Pamoja na Eli Biham na Lars Knudsen alibuni msimbo uitwao Serpent, uliofika fainali ya mashindano ya Marekani ya kutafuta msimbo wa kiwango, ukashika nafasi ya pili mwaka 2000. Katikati ya miaka ya 1990 alikishauri chama cha madaktari wa Uingereza jinsi ya kulinda siri za wagonjwa zinapowekwa kwenye kompyuta. Mwaka 1998 alianzisha taasisi ya kutafiti sera za habari, akapigania faragha ya raia wa kawaida.

Yeye na wenzake waliwahi kuwajaribu wanafunzi karibu 300 kuhusu maneno ya siri. Waligundua kuwa mtu akichukua sentensi anayoikumbuka na kutumia herufi za mwanzo za maneno yake, hupata neno la siri ambalo ni gumu kukisiwa kama lile la herufi za ovyo, na ni jepesi kukumbuka kuliko hilo. Ushauri huo bado una faida kwa yeyote mwenye simu.

Na alifika hata Kenya kwa kazi yake. Akiwa na mwanafunzi wake na watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, walijaribu mfumo wa kulipana kwa simu za kawaida hata pasipokuwa na mtandao. Mnunuzi na muuzaji walisomeana namba fupi kutoka simu moja hadi nyingine, na malipo yakakamilika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Alichotaka kujua ni jinsi ya kumsaidia aliye mahali ambapo mawimbi ya simu hayafiki au hukatika, na watu kama hao Pwani tunao.

Mwaka 2009 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 2015 akatunukiwa Nishani ya Lovelace, heshima ya juu kabisa ya fani ya kompyuta Uingereza. Hata hivyo Cambridge ilikuwa na sheria ya kustaafisha walimu wakifika miaka 67. Aliipinga sheria hiyo hadharani, akisema mwenye uwezo wa kufanya kazi aachwe afanye. Akastaafishwa mwaka 2023, na miezi michache baadaye akafariki.

Yanatuhusu nini

M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo pesa za wengi wetu zinalala kwenye simu. Kuna wanaopoteza pesa kwa kudanganywa wakatoa PIN wenyewe, hilo halikataliki. Lakini kuna pia aliyeamka akakuta laini yake imehamishiwa kwenye kadi nyingine bila yeye kujua, na alipokwenda kulalamika akaambiwa: PIN yako ndiyo iliyotumika. Kazi ya Anderson inatufundisha jibu. PIN kutumika ni ushahidi kwamba PIN imetumika. Si ushahidi kwamba ni wewe uliyeitumia.

Anayedhani hayo ni maneno ya wasomi tu, na aitazame posta ya Uingereza. Kwa miaka mingi, kuanzia 1999, wasimamizi wa matawi madogo walishitakiwa kwa wizi kwa sababu kompyuta ya hesabu ilionyesha pesa zimepungua. Zaidi ya 900 walipatikana na hatia. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya majina yao kusafishwa. Kompyuta ndiyo iliyokuwa na makosa. Sheria ya kuwafutia hatia kwa pamoja ilipita Mei 2024, miezi miwili tu baada ya Anderson kufariki.

Kwa hivyo pesa zikikupotea, usiishie kulalamika kwa mdomo. Andika malalamiko, taja tarehe na saa, weka nakala. Hifadhi ujumbe wa simu, usiufute. Uliza laini ilibadilishwa wapi, saa ngapi, na kwa kitambulisho gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako zilizo mikononi mwa kampuni. Ukijibiwa kuwa mtambo haukosei, omba jibu hilo kwa maandishi.

Na kwa vijana wetu wa Pwani wanaosomea kompyuta, matoleo mawili ya kwanza ya kitabu chake yako kwenye mtandao bila malipo, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka yasomwe na asiye na pesa. Kisomeni. Nchi hii ina watu wengi wa kuunda programu za kutoa na kupokea pesa. Wa kuzikagua kwa niaba ya mama muuza samaki wa Kongowea bado ni wachache mno.